Ua Usiopukutika: Kuchagua na Kutunza Vichaka vya Kijani Ufukoni mwa Ziwa Viktoria

Neno "ua" katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Kuna ua la mmea, ambalo hupendeza macho. Kuna ua wa nyumba, ambao huzuia mbuzi na wapita njia. Na kuna ua, kitenzi cha kuondoa uhai. Ni nadra maana hizo tatu kukutana mahali pamoja. Zilikutana mwaka 1964 huko Alego, katika Nyanza ya Kati nchini Kenya, ng'ambo ya ziwa lilelile ambalo mkazi wa Mwanza huliona kila asubuhi kutoka kilimani. Watu wa Alego walikuwa wamezungushia miji yao nyua za lantana, kichaka cha kijani chenye maua mazuri ya rangi nyingi. Ndani ya nyua hizo walikaa mbung'o, na mbung'o wakaleta malale.

Habari ya Alego si sababu ya kuogopa vichaka. Ni sababu ya kuvifahamu. Ua wa kijani hutuliza upepo, huzuia vumbi, hushika udongo usichukuliwe na mvua, na huipa nyumba stara. Lakini ua huo ni makazi pia, na mwenye nyumba hana budi kujua ni nani mwingine anayekaribishwa pamoja nao.

JANI LA KIJANI DAIMA

Watu wengi hudhani kwamba mmea wa kijani daima hauangushi majani. Sivyo. Kila jani huzaliwa, hufanya kazi, huzeeka na kuanguka. Tofauti ni kwamba mti unaopukutika huangusha majani yake yote katika majira mamoja, ambapo mmea wa kijani daima huyaangusha machache machache, huku mengine yakichipua kushika nafasi zao. Mtu akifunua majani ya ua wowote wa kijani na kuchungulia chini yake, ataona majani makavu yamelala ardhini katika miezi yote ya mwaka. Jambo hilo dogo lina uzito wake, kama itakavyoonekana.

Kubaki na majani wakati wa kiangazi kuna gharama. Chini ya jani mna vitundu vidogo mno viitwavyo stomata. Kwa njia ya vitundu hivyo mmea huingiza hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo hutumika kujitengenezea chakula kwa msaada wa nuru ya jua; kazi hiyo huitwa usanisinuru. Lakini mlango ule ule unaoingiza hewa hutoa mvuke wa maji. Mmea unaofungua milango hupata chakula na kupoteza maji. Unaoifunga huhifadhi maji na kukosa chakula.

Vichaka vya kijani daima vimetatua shida hiyo kwa njia mbalimbali. Vingi vina majani mazito, magumu, yaliyofunikwa kwa utando wa nta. Jani la namna hiyo humgharimu mmea chakula kingi kulijenga, lakini huishi muda mrefu na kulipa gharama yake. Mnyaa, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Euphorbia tirucalli, umechukua njia nyingine. Majani yake ni madogo na huanguka upesi, na kazi kubwa ya kutengeneza chakula hufanywa na vijiti vyake vya kijani. Vijiti hivyo hufungua stomata usiku, wakati hewa ina baridi, na kuhifadhi kabonidayoksaidi mpaka jua litoke. Ndiyo maana minyaa ya Usukumani husimama kijani hata pale nyasi zote zimekuwa rangi ya majivu.

ARDHI NA MVUA ZA MWANZA

Mji wa Mwanza umejengwa juu ya mawe makubwa ya matale, kando ya ziwa lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni yapata milimita 1,000 kwa mwaka. Hunyesha kwa vipindi viwili: vuli, ambayo huanza kati ya Oktoba na Novemba, na masika, ambayo huendelea hadi Mei. Toka Juni mpaka Septemba nchi hukauka, ijapokuwa maji ya ziwa yapo mbele ya macho. Basi swali la kwanza kwa kichaka chochote ni hili: je, kitastahimili miezi hiyo minne bila kunyweshwa kila siku na mtu aliyechota maji bombani au ziwani?

Swali la pili lahusu udongo. Wasukuma tangu zamani wameupa udongo wao majina kwa kufuata mahali ulipo kwenye mteremko. Karibu na mawe ya kilimani kuna luseni, udongo wa kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa matale. Huo hupitisha maji upesi na hauna rutuba nyingi. Bondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani, ambao hutuamisha maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kichaka kinachostawi Isamilo kilimani kinaweza kuoza mizizi kikipandwa bondeni, hata kama mwendo kati ya mahali hapo pawili ni wa dakika chache.

YALIYOTOKEA ALEGO

Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki. Ilisambazwa duniani na wapenda bustani kwa ajili ya maua yake, na leo huhesabiwa miongoni mwa mimea vamizi iliyo mibaya kuliko yote. Ndege hula matunda yake na kupeleka mbegu mbali. Ng'ombe akila majani yake huweza kudhurika ini, na ngozi yake ikawa haivumilii jua.

Mbung'o wa ufukoni mwa Ziwa Viktoria ni wa aina iitwayo Glossina fuscipes. Yeye hupenda kivuli na unyevu, na kwa desturi hukaa katika vichaka vya kando ya maji, akinyonya damu ya kenge, viboko, ng'ombe na binadamu. Mbung'o jike hatagi mayai kama nzi wengine. Hubeba buu mmoja tumboni mpaka akomae, kisha humweka juu ya udongo tifutifu wenye kivuli. Buu hujichimbia ndani, akageuka kuwa bundo, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka mbung'o kamili. Udongo mtupu unaochomwa na jua haumfai, kwa kuwa bundo huweza kukaukia humo.

Sasa na tutazame ua wa lantana usiopogolewa. Matawi yake yamefumana hadi chini. Ndani mna kivuli saa zote. Majani yanayoanguka mwaka mzima yametandika zulia lenye unyevu, na udongo chini yake ni tifutifu. Hatua chache kutoka hapo ng'ombe wamefungwa usiku, na watu hupita asubuhi na jioni. Mbung'o hakuhitaji tena vichaka vya ziwani. Kila alichokitaka kilikuwa kimepandwa kwa mikono ya watu kuzunguka nyumba zao.

Mwaka 1966 mtafiti R. J. Onyango na wenzake walichapisha ushahidi kutoka Alego kwamba ng'ombe wanaweza kuhifadhi vijidudu vya malale, viitwavyo tripanosoma, vinavyoweza kumwambukiza binadamu. Hivyo ua, mbung'o, ng'ombe na mwenye nyumba walikuwa wamefungwa katika duara moja. Zaidi ya miaka 10 baadaye jambo lililofanana na hilo lilitokea Busoga, Uganda. Mashamba ya kahawa na pamba yalipoachwa bila kutunzwa katika miaka ya 1970, lantana iliyavamia, mbung'o wakaifuata, na toka mwaka 1976 maelfu ya watu wakaugua malale.

UPANDE HUU WA ZIWA

Mwanza nayo ina sehemu yake katika historia ya ugonjwa huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda. Mwaka 1906 tabibu Mjerumani Robert Koch alifika Mwanza kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Ssese kuwachunguza wagonjwa. Tangu wakati huo moja ya njia zilizotumika kupambana na mbung'o ilikuwa kufyeka vichaka vya ufukoni. Baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, C. F. M. Swynnerton aliongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, na wananchi kwa maelfu walifyeka mapori ili kuwaondoa mbung'o wa nyikani.

Ufyekaji huo ulifungua ardhi kwa mifugo na pamba, lakini nao ulikuwa na mwisho wake. Miti ilipungua, kuni zikawa adimu, na upepo na maji vikachukua udongo. Ndipo mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI, uliohimiza kurudisha miti na kufufua ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike. Kwa hiyo watu wa kanda hii wameonja hasara za pande zote mbili: kichaka kilichoachwa kijiotee, na ardhi iliyobaki bila kichaka. Katikati yake kuna njia ya tatu, nayo ni kichaka kilichochaguliwa na kutunzwa.

VICHAKA VYA KUFIKIRIA

Kabla ya kupanda, yafaa mtu ajiulize maswali manne. Je, mmea huu utastahimili kiangazi na udongo wa hapa? Je, una sumu kwa watoto au mifugo? Je, mbegu zake zitatoroka na kuingia mashambani mwa wengine? Na je, unakubali kupogolewa?

Mnyaa hujibu vizuri swali la kwanza. Hauhitaji kunyweshwa, mbuzi hawautaki, na kijiti kilichochomekwa tu huota. Lakini utomvu wake mweupe ni hatari. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Anayekata minyaa avae kitambaa au miwani, na asifikiche macho. Utomvu ukimwingia mtu jichoni, lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, kisha aende zahanati. Kwa sababu hiyo minyaa yafaa mipaka ya mashamba na maboma ya ng'ombe, wala si uwanja wa shule ya watoto wadogo.

Mtandamboo, au Carissa, ni kichaka cha asili ya Afrika, na pengine ndicho kinachostahili kupandwa zaidi kuliko kinavyopandwa. Kina miiba imara, majani mazito yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda madogo ambayo yakiiva huliwa. Hukua polepole, na hiyo ndiyo kasoro yake machoni pa mwenye haraka. Lakini kikishakamata, hakimsumbui mwenyewe kwa kupogolewa mara kwa mara.

Bogenvilia imepewa jina la nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake ulifika Brazili mwaka 1767, na huko mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, akaukuta mmea huo. Sehemu zake za rangi, ambazo watu huziita maua, kwa kweli ni majani yaliyogeuka. Maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyo katikati. Bogenvilia hupenda luseni na jua kali, na miiba yake hufanya ua mzuri. Ikikosa maji kabisa huangusha majani mengi, jambo linaloonyesha kwamba ukijani wa daima hautegemei aina ya mmea peke yake, bali pia maji yaliyopo.

Hibiskasi hupendeza kwa maua makubwa na haina miiba, kwa hiyo yafaa karibu na mlango na dirisha. Lakini huhitaji udongo wenye rutuba na maji wakati wa kiangazi. Mahali pake ni pale panapomwagwa maji ya kuoshea mboga.

Vipo pia vichaka vya kuhadhari navyo. Oleanda na Thevetia, ile yenye maua ya manjano ya umbo la kengele, ni vichaka vizuri visivyosumbuliwa na ukame, lakini sehemu zote za mmea zina sumu inayodhuru moyo. Duranta, yenye vishada vya matunda ya rangi ya dhahabu, hupandwa sana mijini, na matunda yake yenye kuvutia watoto yana sumu. Palipo na watoto, vichaka hivi visipandwe. Lantana isipandwe popote. Ikiota yenyewe ing'olewe na mizizi yake kabla haijazaa.

KUPANDA

Wakati mwema wa kupanda ni mvua za kwanza za vuli, au mwanzo wa kunyesha kwa nguvu mwezi Machi, ili mizizi ishuke chini kabla ya Juni. Katika luseni, uchimbwe mfereji wenye kina cha sentimita 45 na upana kama huo, na udongo uliotolewa uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huchoma mizizi. Mbolea hapa haileti rutuba tu; hufanya mchanga uweze kushika maji. Katika udongo wa mbugani, yafaa miche ipandwe juu ya tuta ili maji ya masika yasituame kwenye mizizi.

Vipandikizi vya bogenvilia na hibiskasi vikatwe kwenye matawi yaliyokomaa kiasi, kila kimoja sentimita 20 hadi 30, na viwekwe kitaluni chini ya kivuli mpaka vitoe mizizi. Vipandikizi vya mnyaa viachwe siku chache mpaka jeraha likauke, la sivyo huoza. Nafasi ya sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche yatosha kwa ua wa kawaida.

Matandazo ya nyasi huhifadhi unyevu katika mwaka wa kwanza. Ua ukishashika mizizi, matandazo hayo yaondolewe, na majani makavu yafagiliwe kila wiki na kupelekwa kwenye shimo la mboji.

KUPOGOA KWA HEKIMA

Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ncha ikikatwa, kizuizi hicho huondoka, na mahali pa tawi moja huchipua mawili au zaidi. Hii ndiyo siri ya ua mnene. Mwenye kuuacha ua urefuke kwanza hadi kimo anachokitaka, ndipo aukate, hupata ua wenye kichwa kikubwa na miguu mitupu. Mche mchanga ukatwe ncha ukiwa na sentimita 30, na kila unapoongezeka kiasi hicho ukatwe tena.

Umbo nalo lina maana. Ua uwe mpana kidogo chini na mwembamba juu, ili nuru ifikie majani ya chini. Ukiwa mpana juu, majani ya chini hukosa nuru na kufa, na ndani hubaki giza. Upana wake usizidi urefu wa mkono, ili mtu aweze kuufikia wote kwa mkasi au panga. Mwishowe, ua ukisha kukomaa, matawi yanayogusa ardhi yaondolewe kwa kimo cha sentimita 20 hivi. Hapo jua la asubuhi na la jioni hupenya chini, upepo hupita, udongo hukauka na kuwa mgumu. Nyoka hukosa maficho, na mbung'o, mahali alipo, hukosa pa kumweka buu wake. Kazi hiyo humchukua mwenye nyumba muda mfupi kila mwezi.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Ukweli wa mambo haya waweza kupimwa shuleni. Yachumwe majani manne ya hibiskasi yenye ukubwa sawa. La kwanza lipakwe mafuta mazito ya kujipaka upande wa juu, la pili upande wa chini, la tatu pande zote mbili, na la nne liachwe hivi hivi. Kikonyo cha kila jani kipakwe mafuta mahali kilipokatwa. Yapimwe uzito, yatundikwe kwenye uzi kivulini, na yapimwe tena kila baada ya saa mbili. Wanafunzi wataje ni jani lipi limepoteza maji kidogo, na waeleze stomata ziko upande gani kwa wingi. Kisha warudie kwa majani ya mtandamboo au bogenvilia na kulinganisha.

Jaribio la pili halihitaji mizani. Vipimajoto viwili viwekwe juu ya udongo saa sita mchana, kimoja chini ya ua mnene usiotunzwa, kingine chini ya ua uliopogolewa na kuinuliwa matawi. Wawili wawili, wakiwa na fimbo ya kutazamia nyoka, wanafunzi waandike joto na hali ya udongo: mbichi au mkavu, tifutifu au mgumu. Tarakimu watakazoleta darasani ndizo zinazotenganisha maskani ya mbung'o na ua wa nyumba.

Katika miaka ya karibuni wagonjwa wa malale katika Afrika Mashariki wamepungua wakawa wachache. Lakini somo la Alego halijachakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mmea mwingine wa mapambo kutoka Amerika ya Kusini, wenye maua ya zambarau, ulionekana ukielea katika Ziwa Viktoria. Haukupita muda mrefu ukaziba magati na kunasa mitumbwi kutoka Kisumu hadi Mwanza. Huo ni gugumaji, nao pia ulianza safari yake duniani katika vidimbwi vya wapenda maua.